Reli tunayo, malori bado yametujaa Mombasa Road. Shida iko wapi hasa?

#1 Mkazi_wa_Syokimau
Wadau, hamjambo. Nina dukuduku la siku nyingi na leo nalitoa.

SGR, yaani reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, ilizinduliwa 31 Mei 2017, mizigo ikaanza kupanda Januari 2018. Tuliahidiwa kwamba malori yatapungua barabarani. Niambieni, kutoka Mlolongo hadi Cabanas nani ameyaona yakipungua? Bandari ya Mombasa ilihudumia tani milioni 41 mwaka wa 2024. SGR miaka ya karibuni imekuwa ikibeba kama tani milioni sita kwa mwaka. Na treni moja ya mizigo hubeba makontena 108 ya futi ishirini, yaani kila ikipita, malori hamsini mpaka mia moja yangekuwa yamelala yadini.

Hoja yangu: iwe lazima. Kontena lolote la kuja Nairobi na kuendelea lipande treni mpaka depo ya Embakasi au ya Naivasha, lori libaki la kusambaza. Anayepinga alete sababu, matusi aache nyumbani.

#2 Kamulu_Finest
Nimevuta kiti na njugu zangu. Madereva wa trela wakiamka humu patawaka.

#3 Trela_A109
Nimeamka.

Mkazi, hilo lori unalolalamikia ni mimi. Treni inafika Nairobi kabla yangu, hilo sibishi. Mzigo wa mteja ndio unaofika baada yangu. Nikitoka geti la bandari napita mizani ya Mariakani, napita ya Mlolongo, nakuja kusimama mlangoni mwa stoo ya mteja barabara ya Lunga Lunga, Industrial Area. Tanboi, yaani utingo wangu, anafungua, vijana wanashusha, naondoka na kontena tupu hilo hilo. Treni inaliacha kontena Embakasi, halafu nani analitoa? Lori. Hujaondoa lori hapo, umelihamisha tu lije likufungie njia ya kwenda uwanja wa ndege.

#4 WakalaMdogo
Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo nakula pande zote mbili. Dereva amesema nusu. Nusu nyingine ni pesa na karatasi.

Mteja haulizi treni ni bei gani. Anauliza, "Mzigo ukifika kwangu nitakuwa nimetoa ngapi?" Kwa lori anapewa bei moja. Kwa treni kuna nauli ya reli, kuna kuinua kontena Mombasa na kulishusha Embakasi, kuna lori la kulitoa depo, na kuna kulirudisha likiwa tupu. Hapo kwa tupu ndipo watu huanza kulia. Kontena si lako, ni la kampuni ya meli, na umeweka amana. Siku za bure zikiisha unalipa dola kila kunapokucha. Nina mteja wa vigae, kampuni moja ya meli ilimwambia kontena lirudi Mombasa, Nairobi hawalitaki. Akawa amepandisha mzigo kwa treni kisha akakodi lori la kushusha hewa mpaka Pwani. Tangu siku hiyo ukimtajia treni anauliza habari za watoto.

#5 Kamulu_Finest
"Kushusha hewa mpaka Pwani." Hiyo naiba, samahani mama.

#6 Hesabu_Kidogo
Mkazi, hesabu yako ya #1 inapotosha. Huwezi kuchukua 6 ukaiweka juu ya 41 ukasema hiyo ndiyo sehemu ya reli. Ndani ya hiyo 41 kuna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta haigusi barabara ya Mombasa, inapita bombani. Bomba la kwanza lilianza kazi 1978, kama kilomita 450 mpaka Nairobi, likabadilishwa na lile jipya la inchi 20 mwaka wa 2018. Kuna makontena yanayoshushwa Kilindini na kupakiwa meli nyingine bila hata kuona geti. Kuna ngano inayosagwa Mombasa hapo hapo. Toa hivyo vyote, kinachobaki ndicho reli na lori wanakigombania, na humo reli si ndogo kama unavyoifanya.

Halafu watu husahau hilo bomba. Ndio mzigo mzito pekee nchini ulioondoka barabarani ukaondoka kweli. Piga picha kila lita ile ingekuwa ndani ya tangi la lori pale mjini Salama, Mombasa Road, usiku wa mvua.

#7 Fundi_Lami
Wote mnahesabu nauli. Hesabuni na lami.

Kule Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 walizungusha malori juu ya barabara za majaribio mpaka zikavunjika, na kanuni iliyotoka humo bado inafundishwa vyuoni: uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 haiumizi lami mara kumi zaidi ya ekseli ya tani 1. Ni mara elfu kumi. Kwa sheria ya Afrika Mashariki lori la ekseli sita linaruhusiwa tani 50, la ekseli saba tani 56, na hapo sijagusa wale wanaopita mizani usiku wakijua wanachojua.

Anayelipia ni nani? Ushuru wa kutunza barabara umo ndani ya bei ya mafuta. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita, Julai 2024 ukawa 25. Mwenye Vitz analipa 25, mwenye trela analipa 25. Trela linakunywa zaidi, ndiyo, lakini si mara elfu. Kwa hivyo nyinyi wenye Vitz ndio mnaomlipia Trela_A109 barabara. Reli nayo inadaiwa ijilipie njia, mtambo, dizeli na mkopo wa Exim Bank ya China. Mbio gani hizo, mmoja amebebwa mgongoni na mwingine amebeba mawe?

#8 Trela_A109
Fundi uliongea vizuri mpaka uliponigeuza ombaomba. Kuna bima, kuna leseni, kuna ukaguzi kila mwaka, kuna matairi kumi na kitu yanayoliwa na hiyo lami yenu yenye mabonde. Na ya mizani usiku waulize wenye tipa. Mimi tani zangu ziko kwenye karatasi.

#9 WakalaMdogo
Fundi, ongeza hili kwenye hesabu yako: tangu 2013 kuna ushuru wa kuendeleza reli. Ulianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo unaoingizwa nchini, ukapandishwa na kushushwa baadaye. Unalipa hata kama mzigo wako hautawahi kuiona treni. Kwa hivyo na wa lori naye anambeba wa reli. Hakuna msafi humu.

#10 Kokoto_na_Mchanga
Nimesikia tipa zimetajwa.

Tipa zetu hazina undugu na bandari, na hapo ndipo uzi huu ulipopotea njia. Simama asubuhi kwenye daraja la Syokimau uangalie kinachopita, acha kusoma ripoti. Kokoto za machimbo ya Mlolongo. Mchanga wa Machakos na Kajiado. Saruji ya Athi River. Nondo, soda, unga, maji. Vyote vinatoka hapa karibu vinaingia mjini. Hakuna treni itakayokubebea mchanga kutoka Kajiado ukaujengee Ruaka. Pandisheni kila kontena la Mombasa kwenye SGR, na saa moja asubuhi mtatukuta pale pale.

#11 Mkazi_wa_Syokimau
Asubuhi nakupa. Njoo saa tano usiku, uone kama kuna tipa. Ni trela kwa trela mpaka Bellevue, na nusu zinakata kwenda Southern Bypass kuelekea Uganda.

#12 Kokoto_na_Mchanga
Saa tano usiku wewe unatafuta nini barabarani? Foleni inayokuumiza ni ya asubuhi.

#13 Jirani_wa_Dar
Wakuu habari za huko. Nasoma kimya kimya lakini imenibidi. Tatizo lenu ni dizeli. SGR yetu ni ya umeme, abiria walianza Dar–Morogoro Juni 2014, Dodoma Julai, uzinduzi rasmi tarehe 1 Agosti. Jengeni upya kwa umeme gharama zishuke.

#14 Kamulu_Finest
Juni 2014 mlikuwa bado mnachora ramani kaka.

#15 Hesabu_Kidogo
Anamaanisha 2024. Lakini hoja yake nayo imekaa kando. Umeme unashusha gharama ya kuendesha, hauleti njia ya reli mpaka mlangoni mwa stoo. Na siku gridi ikizimika, Jirani, mnashuka kusukuma?

#16 Jirani_wa_Dar
Hahaha, vidole vimeteleza, ni 2024. Kusukuma tutasukuma, angalau ni yetu ya umeme.

#17 MzeeWaReli
Vijana, nimewasoma tangu jana. Mnazungumza kuhusu "mlangoni mwa stoo" kama kwamba reli haijawahi kufika huko. Ilifika.

Mimi niliingia kazini kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika 1977. Nendeni Industrial Area mkatazame maghala ya zamani kwa nyuma, si kwa mbele. Mengi yalijengwa yakiipa reli uso. Kulikuwa na vijia vya pembeni vinavyochepuka kutoka njia kuu mpaka ubavuni mwa ghala, na jukwaa la kushushia mzigo liko kimo sawa na sakafu ya behewa. Tulikuwa tunasukuma mabehewa alfajiri, kila kiwanda kinaachiwa yake, jioni tunakuja kuyachukua. Hakukuwa na kreni wala lori la pili. Hivyo vijia vingine viko mpaka leo chini ya lami, chini ya vibanda vya chakula, kimoja nakijua kimepita katikati ya karakana ya mtu na hajui chuma kile sakafuni ni cha nini.

SGR haikuchukua hiyo kazi. Ni ya upana mwingine, milimita 1,435, ya zamani ni 1,000. Ilijengwa kupeleka shehena nyingi mahali pamoja, basi. Ukileta makontena 108 kwa mpigo pahali pamoja, ni lazima upate malori mengi kwa mpigo pahali pamoja. Yule dereva wa #3 hajakosea.

#18 Kamulu_Finest
Mzee, hiyo ya karakana nimecheka peke yangu kwa matatu. Shikamoo.

#19 MzeeWaReli
Marahaba. Ukipata nafasi nenda makumbusho ya reli pale karibu na stesheni ukaione injini ya mvuke 5918 Mount Gelai. Hizo Garratt za daraja la 59 zilikuja 34, zimetengenezwa Manchester na Beyer Peacock, ndizo zilizokuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwa reli ya mita moja. Zilikuwa zinavuta kama tani 1,200 kupanda kutoka Pwani. Kila moja ilipewa jina la mlima.

#20 MwanaWaNyanza
Tusiende mbali sana na milima. Mbona mizigo ya magharibi isipande SGR moja kwa moja mpaka Kisumu ishuke pale?

#21 Hesabu_Kidogo
Kwa sababu SGR haijafika Kisumu. Awamu ya pili ni kilomita 120 kutoka Nairobi, ilifunguliwa Oktoba 2019, ikaishia Suswa upande wa Narok.

#22 MwanaWaNyanza
Babu yangu alipata reli 1901. Mimi napewa Suswa.

#23 Fundi_Lami
Usidharau Suswa. Depo ya Naivasha iko huko, na kumejengwa kipande cha kama kilomita 24 cha kuunganisha SGR na reli ya zamani pale Longonot. Kutoka hapo reli ya zamani ilikarabatiwa mpaka Malaba, kilomita 465. Kontena linaweza kutoka Mombasa mpaka Malaba bila kukanyaga lami.

#24 MalabaMpakani
"Linaweza." Asante kwa neno hilo.

Mimi naishi hapa Malaba. Kati ya reli pana na reli nyembamba kontena linanyanyuliwa na kuhamishiwa behewa jingine. Mabehewa ya reli nyembamba ni machache, injini chache, na mwendo ni wa kuvizia. Kwa upande wa pili Waganda walikuwa wamewapa Wachina kazi ya SGR yao, wakavunja mkataba 2023, Oktoba 2024 wakasaini na Yapi Merkezi ya Uturuki, kilomita 272 Malaba–Kampala. Hiyo ndiyo hiyo kampuni iliyomjengea Jirani_wa_Dar. Sasa mwenye mzigo wa Kampala anajiuliza: nihangaike na kubadilisha treni leo, au niite lori linalojua njia mpaka Nakawa? Mwaka wa 2020 wakati wa korona walitaka mizigo ya Uganda ilazimike kuchukuliwa Naivasha. Kelele za majirani zilisikika mpaka huku kwangu.

Mzigo wa kupita kwenda nchi jirani ni kama thuluthi ya bandari. Msipoutatua huo, trela za usiku za Mkazi hazitoki.

#25 Mwana_wa_Mtito
Swali kwa mwanzisha uzi. Hiyo "iwe lazima" ilijaribiwa, au umesahau? Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo yote ya bara ipande SGR. Mombasa watu waliingia barabarani wakaandamana, na si madereva peke yao.

Mamangu alikuwa na hoteli Mtito Andei. Sisemi hoteli ya nyota, nasema mabenchi mawili, chapati, maharagwe na kuku wa kienyeji. Wateja wake walikuwa hao hao mnaotaka walale yadini. Malori yalipopungua kipindi kile alianza kupika nusu sufuria, halafu akaacha kupika usiku. Fundi wa matairi wa jirani akahamia Emali. Treni inapita pale Mtito, tena ina stesheni, lakini behewa la kontena halishuki kula. Mariakani waulizeni habari, watawapa mbaya zaidi.

Tarehe 13 Septemba 2022, siku ile ile ya kuapishwa, Rais Ruto akarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Mama alikuwa ameshafunga.

#26 Mkazi_wa_Syokimau
Pole kwa mama. Lakini kwa hoja hiyo hata bomba la mafuta lisingejengwa.

#27 Mwana_wa_Mtito
Bomba lilijengwa 1978 kabla mama hajaolewa. Nakuambia gharama iko wapi, sijasema reli ing'olewe.

#28 WakalaMdogo
Nakubaliana na Mtito kwa jambo moja ambalo watu wa takwimu hawalioni. Ile amri iliwaharibia reli jina. Wateja wangu kadhaa walikuwa tayari kujaribu treni kwa hiari 2018, wakati bei ilikuwa ya kuvutia wateja. Bei ikapanda, amri ikaja, depo ikajaa. Kuna kipindi kontena linafika Embakasi na huambiwi liko safu gani. Mtu aliyeburutwa hivyo, siku mlango ulipofunguliwa 2022 alikimbia bila kugeuka, hata pale ambapo treni ingemfaa.

Na inawafaa wengine, nisiwe mnafiki. Mwenye kiwanda anayeleta makontena mengi kwa mkupuo, mazito, hana haraka ya saa, ana lori lake mwenyewe hapa mjini: huyo treni ni rafiki yake. Chuma cha kusokotwa, karatasi za kuchapishia, malighafi ya plastiki. Mwenye kontena moja la viatu vya Gikomba hawezi.

#29 Nimetoka_Kangemi
Salamu kutoka Zurich, naosha vyombo na kusoma uzi. Huku Uswisi wananchi walipiga kura 1994 kwamba mizigo inayokatiza milima ya Alps ihamie reli. Hawakuwaambia wenye malori "ni marufuku". 2001 wakaanza kuwatoza kwa kilomita, kwa uzito na kwa moshi. Zile pesa zikaingia kwenye mahandaki, ukiwemo Gotthard, kilomita 57, uliofunguliwa Juni 2016. Lori haliruhusiwi kutembea usiku wala Jumapili. Leo katika kila tani kumi zinazovuka milima hiyo, kama saba ziko kwenye treni.

Kwa hivyo si amri kama Mkazi anavyotaka, wala si kuacha mambo yajiendee. Tozeni kwa kilomita.

#30 Fundi_Lami
Ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa maneno mengi #7.

#31 Hesabu_Kidogo
Tofauti ni kwamba Uswisi hao walikuwa na reli ya umeme, njia mbili, na mabehewa ya kutosha kabla ya kutoza. SGR yetu ni njia moja. Treni zikikutana mmoja anangoja pembeni. Uwezo ulioandikwa kwenye makaratasi ni tani milioni 22 kwa mwaka, lakini kufika hapo unahitaji injini, mabehewa na yadi ambazo hazipo. Ukitoza lori leo, mzigo hautahama, bei ya unga ndiyo itahama.

#32 Trela_A109
Hesabu, leo umenifurahisha. Na bado ile barabara ya Rironi–Mau Summit nayo itakuwa ya kulipia. Kila mtu anatoza, SGR yenyewe haijafika Nakuru.

#33 DadaWaLondiani
Mnaongea pesa tu. Tarehe 30 Juni 2023 trela liliacha njia pale Londiani Junction likaingia sokoni na steji. Zaidi ya watu hamsini. Nilikuwa nanunua viazi hapo kila wiki. Mtu akiniambia lori ni rahisi huuliza rahisi kwa nani.

#34 Trela_A109
Dada, pole sana. Hilo kila dereva analijua na hakuna anayelitania. Lakini hata SGR ingebeba kila kontena la Nairobi, Londiani lori lingekuwepo. Huko SGR haijafika kushindana nasi.

#35 DadaWaLondiani
Ndiyo maana nikasema huko ndiko ianzie.

#36 MwanaWaNyanza
Naunga mkono kwa mikono miwili. Suswa tuliaga zamani.

#37 Msomi_wa_Pune
Jamani mmetaja Uswisi na Uturuki, India mmeiruka. Nilisoma kule. Pwani ya magharibi kuna Konkan Railway, tangu 1999 wanapakia malori yenyewe juu ya mabehewa ya bapa. Dereva anapanda na lori lake, anashuka upande wa pili, anaendelea mpaka mlangoni mwa mteja. Matatizo ya WakalaMdogo ya kuinua na kushusha na kontena tupu yote yanaisha. Lori linapanda Miritini, linashuka Athi River.

#38 Trela_A109
Ngoja. Nilale mpaka Athi River halafu nilipwe safari nzima? Weka jina langu la kwanza.

#39 Fundi_Lami
Inafanya kazi kule kwa sababu barabara yao ya pwani ni milima na kona, dereva anaokoa muda na matairi. Ubaya wake ni kwamba unabeba pia uzito wa lori lenyewe, tani kumi na tano na zaidi za chuma ambazo hakuna anayezilipia. Na urefu wa lori juu ya behewa unapaswa upite kila daraja na kila handaki. Lakini kati ya yote yaliyosemwa humu, hili ndilo ningelifanyia majaribio. Tsavo ni tambarare, kwa hivyo sina hakika dereva angeona faida.

#40 Kamulu_Finest
Faida ni usingizi. Dereva amekubali #38, kesi imefungwa.

#41 Kokoto_na_Mchanga
Haijafungwa. Tipa hamjaipandisha popote.

#42 MzeeWaReli
Mchanga tulibeba sisi kwa mabehewa ya wazi, ulikuwa unashushwa Makadara. Kijana unadhani Nairobi ilijengwa na tipa?

Na nimeona mtu mahali fulani anasema reli ya zamani imekufa. Rift Valley Railways walikodishwa 2006 kwa miaka 25, wakanyang'anywa 2017, hilo ni kweli, na iliumia sana. Lakini magadi yanatoka Magadi kupitia Konza kwa njia hiyo ya zamani, Nanyuki treni ilirudi 2020, na hao wa Ruiru na Kikuyu wanaopanda treni kila asubuhi wanapanda nini?

#43 Kokoto_na_Mchanga
Mzee kwa Makadara umenifunga mdomo. Lakini kwa bei gani kwa tani? Na mchanga wa leo unatoka mtoni, mtoni hakuna stesheni.

#44 Hesabu_Kidogo
Swali la kweli, na halijajibiwa tangu #1: kuna mtu humu amewahi kupeleka mzigo wa kushuka, Nairobi kwenda Mombasa, kwa treni? Chai, avokado, maua, chochote. Maana treni ikishuka na makontena matupu, nauli ya kupanda ndiyo inayolipia safari zote mbili, na hapo bei haitashuka hata mkilia.

#45 WakalaMdogo
Avokado ndani ya kontena za baridi, ndiyo, nina mteja mmoja anayepakia Naivasha. Anasema zinafika Mombasa bila kuzungushwa kama za lori, na umeme wa kontena haukatwi njiani na dereva anayetaka kuokoa dizeli. Trela_A109, sikutaji.

#46 Trela_A109
Umenitaja. Mimi jokofu silizimi, wenzangu siwajui.

Na kwa kuwa mmefika kwa mzigo wa kushuka: nipo Mlolongo tangu jana, kontena la futi arobaini, tupu, lazima lifike Mombasa kabla ya Ijumaa. Nani ana chochote cha kushusha? Bei tunaongea.

#47 Kamulu_Finest
Kaka kwanza badilisha jina. Barabara ya A109 ilishakuwa A8.

#48 Nimetoka_Kangemi
Shangazi ana viti mia mbili vya plastiki vya kupeleka Voi. Vinahesabika?

#49 Trela_A109
Voi naipitia. Nitumie ujumbe wa faragha, na umwambie shangazi avifunge kamba mwenyewe.